Sauti ya Bibi, Mikono ya Nani?



Wiki chache zilizopita familia moja ya kanisa letu ilipigiwa simu kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Bibi alikuwa amefariki. Wengi wenu mlifika matangani. Mlileta chakula, mkakaa, mkaimba. Jambo tunalotaka kulizungumza leo lilitokea usiku wa pili, sebule ikiwa imejaa wageni. Mtoto wao wa miaka sita aliingia chumbani, akachukua kadi aliyoichorea jua kwa kalamu ya rangi, akaitia kwenye kisanduku chake cha sauti. Tukasikia sauti ya marehemu, safi kabisa, ikitoka chumbani: "Hadithi, hadithi!"

Sebule ilinyamaza. Mzee mmoja akasema, "Kizimeni hicho, tuko msibani." Mama mwingine akasema, "Mwacheni mtoto amsikie bibi yake." Wote wawili walisema kwa upendo, na hadi leo hatujakubaliana nani alikuwa sahihi. Familia imeturuhusu kulisimulia jambo hili bila majina, kwa sababu swali lililoamka usiku ule ni letu sote: tunapoiweka sauti ya wazee wetu ndani ya kisanduku, tunawapa watoto urithi wao, au tunajipa ruhusa ya kutokuwapo?

Kwa wasiovijua, visanduku hivi vimetengenezwa ili mtoto asikilize bila kutazama video. Toniebox ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 2016. Mtoto anaweka kisanamu juu yake, hadithi inaanza. Yoto, ya Uingereza, hutumia kadi, na ina vinukta vya mwanga tu vinavyochora picha ndogo. Vyote viwili vinauzwa na hadithi zilizokwisha tayarishwa, karibu zote kwa lugha za hapa ugenini. Lakini vyote viwili vinamruhusu pia mzazi kuweka sauti yake mwenyewe. Kisanamu cha Toniebox kinachoitwa Creative-Tonie kinabeba hadi dakika 90 za sauti mtakazorekodi. Yoto ina kadi tupu kwa kazi hiyo hiyo.

Tuseme ukweli kuhusu kwa nini tumevipenda. Baba anafanya zamu ya usiku ghalani. Mama anaondoka saa kumi alfajiri kwenda kiwandani. Anayewalaza watoto mara nyingi ni dada yao wa miaka kumi na mitatu, na kinachowabembeleza ni simu. Tulipoona kwamba kuna kitu kinachoongea bila kuwaka video, tukashukuru. Na tulipogundua kwamba kitu hicho kinaweza kuongea Kiswahili, tena kwa sauti ya bibi, au nyanya, au koko kama wengine mnavyomwita, wengi wetu tuliona ni jibu la maombi. Watoto wetu wanaelewa Kiswahili, wanajibu Kiingereza. Bibi akipiga simu ya video wanamsalimia "Shikamoo, bibi," halafu wanarudisha simu kwa mama. Kumbe bibi huyo huyo akisimulia habari za sungura na fisi, wanasikiliza dakika kumi bila kupumua.

Wala jambo hili si geni kama tunavyodhani. Wazee wetu walioishi mbali na kwao kabla ya simu za mkononi wanakumbuka kaseti. Mtu alikaa mbele ya redio, akabonyeza vidude viwili kwa pamoja, akaongea habari za nyumbani upande mzima, kisha kaseti ikapewa msafiri. Ilipofika, haikusikilizwa na mtu mmoja. Jirani waliitwa. Ikasimamishwa, ikarudishwa nyuma, watu wakabishana alichosema, wakacheka, wakalia. Kisha nao wakarekodi majibu upande wa pili. Kaseti ilikwenda na kurudi.

Hapo ndipo tunapoanza kusita. Kisanduku cha mtoto kinakwenda upande mmoja tu. Bibi anasimulia, mtoto anasikiliza, basi. Mtoto akichoka anachomoa kadi na bibi ananyamaza katikati ya neno. Hakuna mtoto aliyewahi kumfanyia hivyo bibi aliyekaa mbele yake. Tena hadithi kwetu haikuwa kitu cha kusikilizwa kimya. Msimulizi anaita, "Hadithi, hadithi!" na hasogei mpaka aitikiwe, "Hadithi njoo!" Ndugu zetu wa pwani wanasema "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!" Mwito ule si pambo. Msimulizi anauliza: mko hapa? Mko tayari? Msipoitikia, hakuna hadithi. Mashine haiulizi. Itasimulia hata kama mtoto amelala, hata kama chumba ni kitupu.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, wazazi wanaagizwa kuwafundisha watoto wao wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Agizo hilo linamtaka mzazi awe karibu: aketi, atembee, alale, aamke pamoja na mtoto. Mtu anaweza kusema, basi, kisanduku ni uvivu uliovishwa nguo nzuri. Lakini tunamkumbuka pia Timotheo. Paulo anapoitaja imani ya kijana huyo, anamtaja bibi yake Loisi kwanza, kisha mama yake Eunike. Imani ilipita kwa bibi. Na bibi wa watoto wetu wako Nyarugusu, Baraka, Bujumbura, Mombasa. Hatukuwaacha kwa kupenda. Wengine wetu faili zilifunguliwa zetu tu, zao zikabaki. Kumwambia mama aliyefika hapa kwa njia hiyo kwamba sauti ya bibi haitoshi kwa sababu bibi hayupo, ni kumlaumu kwa jeraha lake.

Kwa hiyo hatusemi kisanduku ni kibaya. Tunauliza kinabakiza kazi gani mikononi mwetu.

Mnamkumbuka Isaka mzee, asiyeona. Alisikia sauti ya mwana mmoja na akapapasa mikono iliyofanana na ya mwingine. Katika chumba cha watoto wetu pia sauti na mikono vimetengana. Sauti ni ya bibi, mbali huko. Mikono ya kumfunika mtoto blanketi lazima iwe ya mtu aliye hapa. Pale kwa Isaka kutengana huko kulileta udanganyifu. Kwetu si lazima kuwe hivyo, ikiwa wenye mikono wanafika.

Turudi usiku ule. Bibi alipokuwa akirekodi, kwa simu aliyoazimwa na jirani, alikuwa peke yake. Lakini kwa mazoea ya maisha yake yote, aliita, "Hadithi, hadithi!" kisha akangoja. Katika rekodi kuna kimya cha sekunde kadhaa. Kijana wetu mmoja aliyewasaidia kusafisha sauti alitaka kukikata kimya hicho, kwa kuwa alidhani ni kosa. Mama wa mtoto alimkataza. Alisema, "Hapo ni mahali pa mtoto."

Basi usiku wa pili wa matanga, bibi aliita, akangoja, na kutoka chumbani tukasikia sauti ndogo ikiitikia peke yake: "Hadithi njoo!" Mama yake akasimama kati ya wageni, akaingia chumbani, akaketi sakafuni. Bibi alipoita mara ya pili, waliitikia wawili.

Katikati ya hadithi ile, ya msichana aliyekwenda kuteka maji ziwani, mna wimbo wa Kibembe. Mtoto akauliza neno moja lina maana gani. Mama hakulijua. Alikuwa ameusikia wimbo huo tangu utotoni na hakuwahi kuuliza, kwa sababu alijua bibi yupo wa kuulizwa. Asubuhi yake alimpigia mama mkubwa aliyeko Baraka. Walizungumza saa nzima. Walianza na neno, wakafika kwa mtu aliyeutunga wimbo, wakafika kwa mambo ambayo dada hao wawili hawakuwahi kumsimulia mtoto yeyote. Mtoto akauliza pia kwa nini bibi alikuwa akimwita "mume wangu". Ikabidi afundishwe utani wa bibi na mjukuu, maana kisanduku kilimpa maneno bila kumpa desturi.

Tunaona jibu letu liko hapo. Kisanduku kinaweza kuitunza sauti. Hakiwezi kuitikia, wala hakiwezi kujibu maswali. Kazi hizo mbili zimebaki kwetu, na tukizikimbia, tutakuwa tumewapa watoto sauti ya mtu wasiyemjua. Kwa zamu zetu hatuwezi kuketi nao kila usiku, na Mungu anajua hivyo. Lakini usiku mmoja kwa wiki, aliye nyumbani aketi sakafuni aitikie. Na swali la mtoto lisiishie kwa "sijui". Lipelekwe kwa mzee aliye hai, wakati bado yupo.

Kutoka hapo yanafuata mambo machache ya haki ambayo tumeyaona yakisahaulika.

La kwanza ni haki ya mzee. Mwambieni sauti yake inakwenda wapi na nani ataisikia. Asikubali kusimulia kwa mjukuu, kisha akajikuta kwenye makundi ya WhatsApp ya watu asiowajua. Na mtumieni bando. Tumenunua visanduku kwa dola nyingi, halafu bibi anaazima simu na kuhesabu salio. Hadithi ni zawadi yake kwetu. Gharama ziwe juu yetu.

La pili ni ukweli wa sauti. Siku hizi kuna programu zinazoweza kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi, hata ya marehemu, na kumfanya aseme lolote. Kijana mmoja ametuuliza kama tunaweza kumfanya bibi aliyefariki asimulie hadithi mpya. Tunaelewa alisukumwa na huzuni. Lakini hadithi ambayo bibi hakuisimulia si ya bibi, na mtoto wa miaka sita hana namna ya kutofautisha. Tuwaachie watoto hadithi nne za kweli, zenye kikohozi na jogoo akiwika nyuma, kuliko mia moja za kuigizwa.

La tatu ni mali ya watu wengine. Kitabu cha kusikiliza ulichonunua ni cha nyumbani kwako. Kukinakili na kukigawa kwa kanisa zima ni kumnyima mwandishi na msomaji ujira wao. Maktaba za mji zinaazimisha vitabu vya kusikiliza bure, na LibriVox, inayoendeshwa na watu wa kujitolea tangu 2005, ina vitabu vya zamani visivyo tena na hakimiliki.

Na kwa wanaotaka kuanza, haya ni ya kuzingatia. Mzee arekodi hadithi moja moja, dakika tano hadi kumi, mahali patulivu, simu ikiwa karibu na mdomo. Akiita, angoje. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huhifadhiwa kwa muundo wa opus, na si kila kisanduku kinaupokea; ugeuzeni kuwa MP3 kwanza, kisha mpakie kwa programu ya kisanduku kwenye simu ya mzazi. Zaidi ya yote, jueni kwamba kadi yenyewe haina sauti ndani yake. Ni kama ufunguo tu. Sauti hukaa kwenye akaunti yenu na kushushwa kwa intaneti. Kwa hiyo hifadhini rekodi ya kwanza mahali pengine pawili, ili akaunti ikipotea bibi asipotee nayo.

Kuhusu mzee wetu aliyetaka kisanduku kizimwe: Jumapili iliyofuata alikuja darasa la watoto. Alisema bado haoni vizuri sauti ya marehemu kusikika kabla ya matanga kwisha, na tunaheshimu neno lake. Kisha akauliza, kwa upole, kama na yeye anaweza kurekodi. Anazo hadithi mbili za ziwani alizopewa na babu yake, na wajukuu wake wako majimbo matatu tofauti.

Jumapili ijayo baada ya ibada tutakuwa na simu na chumba kitulivu nyuma ya ukumbi. Leteni wazee wenu. Leteni watoto pia wakae mbele yao, ili mzee akiita asiitike peke yake.

Mungu awabariki.