Umeniona, Mbona Hukunisalimia?



Leo naomba nikushirikishe swali ambalo limenisumbua miezi kadhaa, na limeanzia kwenye kamera yangu: je, kuona kitu kizuri kunanipa haki ya kukichukua?

Nianze na furaha yenyewe. Mimi si mpiga picha wa kulipwa. Rafiki yangu anayepiga picha za harusi aliniuzia kamera yake aliyokuwa ameitumia, Fujifilm X-T20, toleo la mwaka 2017. Pamoja na betri na kadi ina gramu 383, na lenzi ndogo ya milimita 27 ninayoifunga inaongeza gramu 78. Yaani jumla haifiki hata nusu kilo ya sukari! Wepesi huo unatokana na kwamba haina kile kioo kilichomo ndani ya kamera kubwa za DSLR. Kwenye zile, kioo hupeleka mwanga juu kwenye kitundu cha kuchungulia, na ukibonyeza kinaruka kuupisha mwanga, ndiyo maana unasikia "klak!" Kwenye hii yangu mwanga unaingia moja kwa moja kwenye sensa, na unachokiona kwenye kitundu ni skrini ndogo. Ukiiwekea shata ya kielektroniki, haitoi sauti kabisa.

Basi nikawa natembea nayo kila siku, na macho yangu yakabadilika. Nilianza kuona mvuke wa chai ya rangi, jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi likipita kwenye nondo za dirisha, kandambili za watoto zilizorundikana mlangoni, mikono ya bibi ikichambua mchele. Vitu nilivyovipita miaka yote bila kugeuka. Wapo wanaosema mambo ya picha ni majivuno na kupoteza muda. Sikubaliani nao. Kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha Mungu mwenyewe akitazama alichokiumba na kukifurahia. Kijana anayesimama dakika moja kuangalia mwanga ukutani hajapoteza kitu. Mimi kamera ilinifundisha kushukuru.

Lakini ilinifundisha na jambo jingine, na hili sikulipenda.

Jumamosi moja, baada ya misa ya asubuhi pale Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, nilitembea kando ya bahari hadi Feri. Kwenye sehemu ya kusubiria pantoni ya kwenda Kigamboni nikamwona mama mmoja amekaa, beseni la samaki katikati ya miguu, kichwa amekilaza juu ya mikono. Usingizi ulikuwa umempitia. Khanga imemtelemka begani, na mwanga unamjia kutoka upande mmoja, mzuri ajabu. Nikasogea hadi hatua mbili. Nikabonyeza mara tatu. Kimya. Hakuna aliyegeuka.

Jioni nikaiweka mtandaoni na maneno mawili: "Mama shujaa." Watu wakaipenda sana.

Jumatano, kwenye mazoezi ya kwaya, dada mmoja wa sauti ya kwanza akanivuta pembeni, simu mkononi. "Kaka, huyu ni mama yangu." Nikadhani anataka kunishukuru. Akaniambia baba yao alikuwa amelazwa, mama alikuwa amekesha naye usiku mbili mfululizo, na asubuhi ile akapitia Feri kununua samaki wa kuuza kwa sababu hospitali inataka hela.

"Picha ni nzuri. Mama mwenyewe kasema ni nzuri. Ila kaniuliza swali nikakosa jibu. Eti, 'Alifika karibu hivi, akaniona nimechoka hivi, akashindwa hata kunisalimia?'"

Nikajitetea kwamba alikuwa amelala.

"Aliamka pantoni ilipofika, kaka. Ulikuwa umeshaondoka?"

Sikuwa nimeondoka. Nilikuwa nimesimama palepale, nimeinamia skrini, naangalia picha zake. Mama mwenyewe alinipita na beseni lake kichwani, na sikumwona.

Nimelitafakari sana jambo hili. Naweza kujitetea kwamba pale ni mahali pa watu wote, na kwamba sikumsema vibaya, nilimsifu. Yote kweli. Lakini yeye hakulalamika kwamba nimevunja sheria. Alilalamika kwamba nilimwona na hatukuonana. Kwetu, kumkuta mtu mzima na kumpita bila shikamoo ni kama kumwambia hayupo. Mimi nilimfanya awe mwanga, khanga na beseni, na yeye mwenyewe nikamwacha. Hata neno "shujaa" nililibandika juu ya mtu ambaye sikumjua. Pengine siku ile hakuhitaji kuitwa shujaa. Alihitaji mtu wa kumwinulia beseni.

Utaniuliza: sasa ukiomba ruhusa, si picha itaharibika? Mtu ataamka, atajitengeneza, atatabasamu la bandia, na ule ukweli utapotea. Swali hili ni la haki, nami nimelihangaikia. Jibu langu ni kwamba uchovu ule ulikuwa ukweli, lakini haukuwa ukweli wote wa mama yule. Akijifunga khanga vizuri na kukaa wima, na huo pia ni ukweli: anakuonyesha anavyotaka kujulikana. Kwa nini ninachomkwapulia akiwa hajui kiwe cha kweli kuliko anachonipa mwenyewe?

Hapo ndipo namkumbuka Mtakatifu Veronika, ambaye wapiga picha wanamhesabu kuwa msimamizi wao. Habari zake hazimo kwenye Injili. Tumezipokea kwa mapokeo, na tunazitafakari kwenye kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Hakwenda pale kutafuta sura ya Yesu. Aliona uso wenye jasho na damu, akatoa kitambaa akaupangusa. Sura alipewa baadaye, kama zawadi. Mimi nilianza na sura, na kupangusa nikakusahau kabisa.

Nikaifuta ile picha mtandaoni. Kisha yule dada akanipeleka kwao. Nikasema "Shikamoo, mama," nikaomba msamaha. Akacheka, akanikaribisha chai. Nilipomwuliza kama naweza kumpiga picha, akasema, "Leo hapana, sijapendeza. Njoo Jumapili." Jumapili nikaenda. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amekaa kitini wima kama hakimu, hacheki hata kidogo. Kwa ufundi ni picha ya kawaida tu. Nikaisafisha, nikampelekea. Sasa imetundikwa sebuleni kwao, karibu na msalaba. Mtandaoni haipo na haitakuwepo.

Sikuambii uache kupiga picha. Endelea, na ufurahie. Umati wa pantoni huwezi kuuomba ruhusa mmoja mmoja, najua. Lakini pale ambapo uso wa mtu mmoja ndiyo picha yenyewe, mimi nimejiwekea kanuni ndogo: nasalimia kabla, na kama haikuwezekana, nasalimia baada. Namwonyesha. Akisema futa, nafuta mbele yake. Na siiweki popote bila yeye kukubali. Kamera inapozidi kuwa nyepesi na kimya, mwenye kuibeba anatakiwa awe na adabu zaidi, maana hakuna tena sauti ya kumshtaki.

Wiki hii, kabla hujainua simu au kamera yako kumwelekea mtu, jiulize: jina lake nalijua? Na kama silijui, salamu nimempa?

Mungu atujalie macho ya shukrani, na mdomo usiosahau kusalimia. Amina.