Aliyepiga Honi Ameshakwenda Zake

Nilipoacha chuo niliendesha tuktuk ya mjomba kwa miezi saba. Makala hazilipi kodi ya nyumba, na tuktuk ilikuwa imekaa tu. Nilizungukia Mji wa Kale: Fort Jesus, Ndia Kuu, Kibokoni, kisha natokea Digo Road upande wa Marikiti.

Ndani ya Mji wa Kale hakuna taabu. Njia ni nyembamba, hata ukitaka kukimbia huwezi, na hamali mwenye mkokoteni ndiye anayeamua mwendo wa kila mtu. Taabu ni pale unapotoka. Ghafla uko mdomoni mwa barabara kubwa, matatu na boda zinapita kama zimefukuzwa, nawe unatakiwa ujipenyeze.

Jioni moja ya Ramadhani, dakika chache kabla ya magharibi, nilisimama pale na abiria mmoja, mama mtu mzima mwenye bakuli la kaimati mapajani. Kulia kwangu matatu ilikuwa inashusha watu, imenifungia macho. Sikuona kinachokuja. Dawa yake ni kungoja, basi. Lakini nyuma yangu palikuwa na gari, na mwenyewe alikuwa na honi. Akapiga mara moja. Akapiga tena. Ya tatu hakuiachilia.

Nikavuta mafuta.

Boda ikachomoka ubavuni mwa matatu, imebeba kijana na hotpoti. Ikayumba, ikakwaruza ukingo wa barabara, ikasimama. Hotpoti ikaruka, mbaazi zikamwagika lami nzima. Hakuna aliyeumia. Nikasema alhamdulillahi, nikaondoka. Yaani niliondoka kweli, sikushuka hata kusema samahani. Nikatazama kiooni: ile gari iliyonipigia honi ilikuwa imekata kona ya kwanza, haipo.

Mama alinyamaza mpaka tukafika. Alipokuwa akilipa ndipo aliposema, "Mwanangu, aliyepiga honi ameshakwenda zake."

Chuoni sikubaki na mengi, lakini nilibaki na mjadala wa 1976 kati ya Bernard Williams na Thomas Nagel kuhusu bahati na maadili. Nagel anatoa mfano wa dereva aliyezembea kukagua breki. Asipotokewa na mtu njiani, atajilaumu kidogo, basi. Mtoto akimkatia njia akafa, atajilaumu maisha yake yote. Uzembe ni uleule. Kilichoongezeka ni mtoto, naye hakutumwa na dereva.

Hata sheria yetu hutazama matokeo. Sura ya 403, Sheria ya Trafiki, kifungu cha 46: ukisababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, unaweza kufungwa hadi miaka 10. Mimi sikulipa hata shilingi. Basi mimi ni mtu mwema, au ni mtu mwenye bahati?

Nimejibu hivi: sheria ina haki ya kuhesabu maiti, kwa sababu haiwezi kuingia moyoni mwangu. Mimi mwenyewe naweza. Najua kwamba pale kwenye mdomo wa barabara nilikuwa na watu wawili wa kuwafikiria. Wa nyuma nilimsikia, akaniaibisha. Wa mbele sikumwona. Nikachagua kumridhisha niliyemsikia. Hilo ndilo kosa langu, na lilikamilika kabla boda haijatokea. Mbaazi zilinionyesha tu.

Tunapenda kusema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini wengi tunalitumia neno hilo kufunika pale ambapo kinga ilikuwepo, na bei yake ilikuwa nusu dakika na aibu kidogo.

Siku iliyofuata nilizunguka steji za boda za karibu na Marikiti kumtafuta yule kijana. Nilikuwa na pesa za mbaazi mfukoni. Sikumpata, na sidhani angenitambua. Zile pesa nilizinunulia futari nikampelekea mlinzi wa jengo letu. Deni halikuisha, nalijua bado ni la mtu mwingine.

Siku hizi nikishika gari nangoja mpaka nione. Wakipiga honi, wapige. Ila juzi, pale Makadara, nilikuwa nyuma ya mzee mmoja ambaye hakutaka kuingia barabarani. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye honi. Nikakumbuka kwamba mimi pia ningekwenda zangu.