Picha Hii Imetoka Wapi?

Watu wa Mlalo, katika wilaya ya Lushoto, hulima katika miteremko mikali, na tangu zamani wanajua jinsi mvua iwezavyo kuuteremsha udongo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha huko mpango wa kuwalazimisha wakulima wachimbe matuta ili kuzuia mmomonyoko, na mpango ule ukaleta chuki nyingi. Lakini hofu ya mlima kuporomoka haikuwa hofu ya kubuni.

Basi tuwaze jambo hili. Usiku mmoja wa masika, kijana wa Mlalo aliyeko Dar es Salaam kwa kazi apokea picha katika simu yake: nyumba zimefunikwa na tope, watu wanachimba kwa mikono, na chini yake yameandikwa maneno matatu, “Mlalo leo asubuhi.” Aliyeituma ni baba yake mdogo, mtu mzima na wa heshima. Mama yake kijana hapatikani kwa simu. Yampasa afanye nini? Wengi wetu, tuseme kweli, tungeipeleka papo hapo kwa ndugu wote wa Tanga, Korogwe na Arusha, na kwa saa moja ukoo mzima ungekuwa katika matanga yasiyo na maiti.

Iko njia nyingine, nayo haidai elimu kubwa. Afungue Google katika simu yake, aguse alama ya kamera iliyo kando ya mahali pa kuandikia, kisha aichague ile picha. Simu haitaulizwa neno, itaulizwa picha: je, umepata kuiona hii mahali pengine? Mtambo huchukua rangi, kingo na maumbo yaliyomo na kuyafanya kama alama ya kidole, kisha huitafuta alama hiyo miongoni mwa picha zisizohesabika zilizokwisha kuwekwa katika intaneti. Kazi hii ilianza kutolewa kwa watu wote na TinEye mwaka 2008, na Google wakafuata mwaka 2011. Huenda kijana wetu akaona kwamba picha ile ni ya Katesh, chini ya mlima Hanang, ambako tope liliua watu wengi tarehe 3 Desemba 2023. Au ya Bududa nchini Uganda, ambako mlima Elgon uliporomoka Machi 2010. Msiba ni wa kweli, waliokufa ni wa kweli, ila si wa Mlalo wala si wa leo asubuhi.

Hapa ndipo linapotokea swali lenyewe. Mtu aweza kusema, “Mimi sikuitunga picha, nimeletewa tu, nami nimepeleka kama nilivyoletewa.” Je, hana hatia? Zamani udhuru huu ulikuwa na nguvu. Mtu wa Mlalo aliyesikia habari ya mbali hakuwa na njia ya kuihakiki isipokuwa kungoja msafiri mwingine. Siku hizi njia anayo mfukoni, na yataka dakika moja. Asiyejua kwa kuwa hawezi kujua ni mbali na asiyejua kwa kuwa hakutaka kujisumbua. Amri ya Nane haikumwonya mtunga uwongo peke yake. Yamgusa kila amshuhudiaye jirani kwa neno asilolijua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu mtu atoaye habari huku akijua kuwa ni za uwongo. Lakini dhamiri haiishii pale sheria inapoishia, nayo huuliza pia kama mtu alijali kujua.

Wako watakaopinga kwamba kuichunguza picha uliyotumiwa na mkubwa wako ni kumshuku, na kwamba kumshuku ndugu bila sababu nako ni kosa. Pingamizi hili si la kupuuzwa, maana nyumba ambamo kila neno la baba hupekuliwa na watoto haina raha. Lakini mkulima apelekaye viazi sokoni hakasiriki magunia yake yakiwekwa katika mizani (akifungiwa lumbesa, hapo ana haki ya kukasirika). Kinachopimwa ni gunia, wala si mwenye gunia. Baba mdogo naye aliletewa, tena aliituma kwa uchungu na mapenzi. Kijana akiisha kuujua ukweli, asimwaibishe mbele ya kikundi chote cha WhatsApp, watoto na wakwe wakiona. Ampigie simu, amwamkie kama ilivyo desturi, amwambie, “Baba, nimeitafuta ile picha, nimeona ni ya Katesh.” Mzee mwenyewe ndiye awaambie wengine. Tumewaona vijana hodari sana wa kukosoa, ambao furaha yao ni kumshinda mkubwa kuliko kuwatuliza waliotishwa.

Tena chombo hiki chaweza kutumiwa vibaya kwa njia ambayo wachache huifikiri, yaani kuwa kisingizio cha kutoamini lolote. Mwaka 2018 ilienea filamu fupi ya askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wao. Serikali ya Kamerun ilikana, ikasema ni habari za uwongo. Wachunguzi wa BBC waliutazama mstari wa vilele vya milima ulioonekana nyuma ya wale wauaji, wakaulinganisha na picha zilizopigwa kutoka angani, wakapatambua mahali penyewe, karibu na Zelevet, kaskazini kabisa mwa Kamerun. Septemba 2020 askari wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10. Hapo uchunguzi wa picha uliwatetea wafu waliokuwa wamekataliwa. Kwa hiyo mtu akitafuta picha asiione popote, asikimbilie kusema ni ya uwongo: picha iliyopigwa leo haina historia katika mtandao, na picha iliyotengenezwa na akili bandia haina vilevile. Katika hali hiyo simu imefika mwisho wa uwezo wake, na kilichobaki ni kumpigia jirani wa mama pale Mlalo na kumwuliza.

Limebaki jambo la mtoto mgonjwa. Hutumwa picha ya mtoto aliyevimba au kuungua, pamoja na namba ya kutumia fedha. Ukiitafuta, yaweza kuonekana kwamba mtoto huyo ni wa nchi ya mbali na picha yake ni ya miaka mingi. Wengi hapo hucheka, wakafuta, wakajisifu kwamba hawakuibiwa. Lakini mtoto yule alikuwapo. Aliugua, na mgeni akauchukua uso wake akaufanya chambo. Aliyedhulumiwa kwanza ni yeye, kabla ya sisi wenye fedha. Basi namba ile iripotiwe, na fedha iliyokwisha kutengwa kwa ajili ya mtoto asiyeonekana ipelekwe kwa yule aonekanaye katika hospitali iliyo karibu. Maana ni vigumu kueleza kwa nini huruma iliyokuwa ya kweli dakika moja kabla imekauka mara tu mwizi alipojulikana.

Wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na picha nyingi za milima ya Usambara za enzi ile sasa zimo katika mtandao. Hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ilipozitoa picha zake kwa wingi mwaka 2008, ilitahadharisha kwamba maelezo ya asili yameachwa yalivyo, nayo yaweza kuwa na makosa au upendeleo. Simu ikizitafuta picha hizo hurudisha maelezo yale yale, yakiwa yamenakiliwa mahali kumi. Kama bonde limeandikwa jina lisilo lake, simu haitajua. Atakayejua ni bibi wa Mlalo, aliyevitazama vilele vile kila asubuhi akienda shambani, iwapo mjukuu atamwonyesha.