Furaha ya Bahati, Huzuni ya Shibe

Kiingereza, lugha ambayo hapa Kampala imepewa kiti cha mbele mahakamani, bungeni na katika madarasa ya Makerere, kina majina ya ajabu kwa mambo ya moyo. Neno la Waingereza happy, linalomsifu mwenye furaha, limezaliwa na neno la kale lenye maana ya bahati. Na sad, ambalo leo ni sifa ya mwenye huzuni, kwa wazee wao lilimaanisha mtu aliyeshiba hata akakinai. Tukiwasadiki wazee hao, basi furaha humwangukia mtu kama embe la mti wa jirani, na huzuni huwapata walioinuka mezani, kauli ambayo wachuuzi wa soko la Owino, wanaoijua barabara huzuni ya tumbo tupu, wangeicheka mpaka machozi yawatoke. (Silly nalo, ambalo hapo kale lilikuwa ni mwenye heri, limeshushwa daraja likawa mpumbavu, wenyewe ndio wajuao sababu.)

Waganda nao wana yao. Ennaku ni siku, na ennaku, herufi kwa herufi, ni huzuni na dhiki. Hata anayeuliza tarehe hutaja ennaku z'omwezi, na mwenye madeni ana haki ya kulisikia neno hilo atakavyo.

Lakini linalonishughulisha zaidi ni ssanyu, yaani furaha, ambalo mwaka 1929 lilipewa makao ya watoto wachanga yaliyoko kilima cha Namirembe, Sanyu Babies' Home, wanakopelekwa waliotupwa na waliofiwa. Mwanamantiki mkali atasema kwamba jina hilo ni la uwongo, kwa kuwa kila aingiaye mlango ule huingia kwa msiba. Nami namjibu kwamba amelidhania jina kuwa ni habari, ilhali hapa jina ni ahadi, na aliyeiita nyumba yake Furaha amejitia deni mbele ya kila mtoto anayelala humo. Bahati haina mdhamini, wala hakuna kadhi awezaye kuihukumu. Ahadi ina mwenyewe, naye huulizwa. Kwa sababu hiyo, baina ya rai ya Waingereza wa kale na ile ya Namirembe, mimi naifuata ya Namirembe bila kusita. Makao yale yangali na jina lake, na watoto wangali wanapokewa.