Haki ya Kukata

Kigari cha kuchezea cha kipimo cha 1:64 hutosha kiganjani. Bodi yake ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, na kwa chini ribiti moja au mbili huishikanisha na chasisi. Anayetaka kukigeuza kuwa hotirodi huanza na ribiti hizo. Huzitoboa kwa drili, hutenganisha vipande, huondoa rangi kwa dawa mpaka chuma kibaki kitupu. Kisha hushika msumeno: paa hushushwa, boneti huondolewa ili injini ionekane, na nyuma hufungwa magurudumu makubwa kuliko ya mbele.

Rangi inaweza kupakwa upya. Paa lililokatwa halirudi. Hapo ndipo swali linapoanza: ikiwa kigari hicho ni cha mwaka 1968 na vya aina yake vimebaki vichache, je, mwenye nacho ana haki ya kukikata?

Jibu la haraka ni kwamba mali ni yake, afanye apendavyo. Jibu hilo linaitosheleza sheria, haliitoshelezi dhamiri. Kitu kilichovuka zaidi ya miaka 50 kimepita mikononi mwa wengine, na huenda kikaishi kuliko sisi. Umiliki wa kitu kama hicho ni zamu tu.

Lakini wanaopinga msumeno kwa jina la uhalisi nao wana la kujibu. Mattel ilipozindua Hot Wheels mwaka 1968 kwa vigari 16, vingi viliitwa Custom, yaani gari lililobadilishwa kwa matakwa ya mwenyewe: Custom Camaro, Custom Mustang. Kinacholindwa kisiguswe ni mfano wa gari lililokwisha kuguswa. Hotirodi zenyewe zilizaliwa kwa msumeno. Vijana wa kusini mwa California, baadhi yao wakiwa wametoka katika Vita vya Pili vya Dunia, walichukua Ford kuukuu, wakang'oa madigadi kupunguza uzito, wakazikimbiza kwenye maziwa makavu. Wangeheshimu uhalisi, tusingekuwa na hotirodi ya kuigiza.

Hata hivyo, Ford zile zilikuwa nyingi na rahisi. Kuikata Ford ya 1932 wakati ule kulikuwa kuipa gari chakavu maisha ya pili. Leo bodi zake za asili zimeadimika, na wajenzi wengi hutumia bodi za nakala. Msumeno ni uleule; kilichobadilika ni hasara inayowaangukia wengine. Kwa hiyo ubaya wa kukata haumo katika kukata kwenyewe. Umo katika kuumaliza uwezekano ambao wengine wangeuhitaji.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Anayeutafuta unyemi huo anavyo vigari vilivyobanduka rangi, vyenye ekseli zilizopinda, na vile vinavyotengenezwa kwa maelfu hadi leo. Hivyo avikate bila hatia, kwa kuwa mikono yake inaviongezea kitu. Kile cha mwisho cha aina yake akiache.

Na anayekiacha naye asijione mtakatifu. Kigari kilichofungiwa kwenye pakiti ili bei ipande, kisichezewe wala kuonwa na mtu, kimenyimwa wengine vilevile, ingawa hakuna aliyekikata.