Tutaujuaje Uzee?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mtu kuwa mzee atimizapo miaka 60. Hesabu hiyo yafaa, lakini haitoshi. Katika Usukuma, nchi yetu sisi wa Kalemela, akina mama wazee wamepata kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa kuwa macho yao ni mekundu. Waliowatazama kwa mbali waliona uchawi. Walioketi nao jikoni na kuwauliza waliona moshi wa kuni na samadi, uliowachoma macho miaka mingi wakitupikia. Basi, achunguzaye uzee na aanze kwa kumwuliza mzee mwenyewe. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Nasi twawezaje kumheshimu mtu tusiyetaka kumsikiliza?