Wakulima watatu wasiokuwapo

Msimu wa alizeti Singida hauna subira. Magunia yanashushwa ghalani tangu asubuhi, mizani haipumziki, na karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anatakiwa aandike jina, kilo na makato ya kila mtu kabla foleni haijageuka ugomvi. Kijana anayejua kuifanya Google Sheets ijumlishe na kuandaa orodha ya malipo yenyewe hupokewa kwa mikono miwili, na anastahili. Kisa hiki nimekitunga, nikakiweka katika chama kisicho na jina wilayani Mkalama. Kosa lililomo, hata hivyo, si la kutunga. Ukilijaribu kwenye kompyuta yako litatokea vilevile.

Chama hicho kilikuwa na programu ndogo iliyoandikwa kwa Apps Script, lugha ya kuiamuru Google Sheets ambayo msingi wake ni JavaScript. Ilifanya kazi, ila ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Kila palipohitajika jumla ya kilo, mwandishi wa kwanza alianza upya: tafuta karatasi, taja eneo, chukua thamani zote, zunguka mstari kwa mstari, jumlisha. Mlolongo uleule ulijirudia kila ukurasa, na ukibadilisha mpangilio wa safuwima moja unalazimika kusaka pote.

Kijana aliyekabidhiwa programu hiyo alitaka kuifupisha. Hapo alikuwa sahihi kabisa, maana msimbo unaojirudia ndimo makosa yanamojificha. JavaScript ilimpa njia inayovutia: unaweza kuongeza methodi zako, yaani amri unazozitunga, kwenye prototaipu ya orodha, kiolezo ambacho orodha zote hukirithi, na tangu hapo kila orodha ndani ya programu inazijua. Akafungua faili jipya, akaongeza methodi tatu: jumlisha, chuja na wastani. Mistari 10 ikawa mmoja, na mstari huo ulisomeka kama sentensi. Akalinganisha jumla ya kilo na daftari la mizani, zikalingana hadi kilo ya mwisho. Akaridhika.

Siku ya malipo, mkutano mkuu ulikuwa umekwisha kuamua kwamba fungu la mbegu, shilingi 2,350,000, ligawanywe sawasawa kwa kila aliyeuza kupitia chama. Karatasi ikaonyesha watu 50, kila mmoja shilingi 47,000. Watu wakaitwa, wakatia saini, wakaondoka. Jina la mwisho liliposomwa, kashani zilibaki shilingi 141,000.

"Mwanangu," mweka hazina alimwambia karani, "fedha iliyozidi inanitisha kuliko iliyopungua. Hawa watatu ni nani?"

"Shikamoo mzee, mimi niliandika majina 47 tu. Hesabu mwenyewe."

Akahesabu kwa kidole. Yalikuwa 47. Lakini karatasi ilishasema 50, na karatasi ndiyo iliyochapwa, ikapigwa muhuri. Watanzania tunaikumbuka operesheni ya wafanyakazi hewa, majina yaliyolipwa bila kuwa na watu, ya mwaka 2016 chini ya Rais John Magufuli. Tangu hapo, neno "hewa" likishabandikwa kwenye orodha ya malipo, halianguki kwenye mashine. Linamwangukia binadamu aliyeishika kalamu. Karani wetu, binti yule, alikaa siku kadhaa akitazamwa kwa jicho la pembeni na watu aliowapimia mizigo yao kwa uaminifu. Hilo ndilo linaloniuma katika habari za namna hii: anayefupisha msimbo yuko mbali, na lawama inabaki kwa aliye mbele ya foleni.

Wale watatu walitoka wapi? Ndani ya programu ile ya zamani, mahali ambapo kijana hakugusa hata herufi, palikuwa na mzunguko wa for...in ulioipitia orodha ya wauzaji na kuongeza moja kwenye idadi kila ulipokutana na kitu. Mzunguko wa aina hiyo hauhesabu mistari pekee. Unapita kwenye kila jina linaloonekana juu ya orodha, pamoja na yale iliyoyarithi kutoka kwenye prototaipu. Kabla ya mabadiliko hapakuwa na jina la ziada, basi ukahesabu sawa miaka yote. Sasa baada ya mkulima wa 47 ukamkuta "jumlisha", kisha "chuja", kisha "wastani", ukawaandikisha wote. Kilo zao hazikuwepo, na programu ilikuwa na kanuni ya kuweka sifuri palipo tupu, kwa hiyo jumla ya kilo haikutikisika. Jaribio alilolifanya kijana lilipima mahali pekee ambapo kosa lisingeweza kuonekana.

Kuongeza methodi kwenye aina asilia ya lugha ni kutia chumvi kisimani kwa sababu mchuzi wako umepooza. Hata mafundi wakubwa yamewakuta. Maktaba ya MooTools, iliyotumiwa na tovuti nyingi sana, iliziongezea orodha methodi yake iitwayo flatten. Mwaka 2018 kamati ya TC39, inayosimamia JavaScript, ilipotaka kuingiza methodi ya jina hilohilo katika lugha yenyewe, majaribio kwenye Firefox yakaonyesha kwamba tovuti za zamani zinaharibika. Lugha nzima ikalazimika kumpisha mpangaji: methodi ikaitwa flat, ikaingia katika toleo la 2019. Kabla ya hapo contains ilikwisha kubadilishwa kuwa includes kwa sababu ya maktaba ileile.

Kuna lugha zilizolitazama jambo hili mapema. Katika C#, tangu 2007, methodi za nyongeza hazionekani mpaka faili linalozitaka liziite kwa jina la mahali zilipo. Kotlin nayo ina utaratibu wa namna hiyo. Apps Script haina ukuta huo: mafaili yote ya mradi mmoja yanakaa chumba kimoja, na unachokiongeza kwenye faili jipya kinalifikia la zamani bila kubisha hodi.

Kijana aliporudi, hakuurudisha msimbo ule mrefu. Alizigeuza zile tatu kuwa funksheni za kawaida zinazopewa orodha kama kitu cha kufanyia kazi, na urahisi wa kusoma ukabaki karibu uleule. Mzunguko wa zamani akaubadilisha kuwa for...of, unaopita kwenye vilivyomo tu. Kisha akaongeza seli moja kwa ombi la karani: idadi ya watu kutoka daftari la mizani, inayoandikwa kwa mkono. Zisipolingana, orodha ya malipo haitoki. Wauzaji 47 wakaitwa tena, kila mmoja akapewa shilingi 3,000 zake, na mweka hazina akamtaka mwenyekiti asome jina la karani mbele ya wote na kusema kwamba hakuwa na kosa.